Kamera Niliyojifunza kwa Hasira

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana wa wengine utafuata na ni mwingi. Kamera yangu ya kwanza niliihifadhi jikoni, kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, katikati ya mbegu za maharage na mahindi ya kupanda. Ilikaa huko siku tisa, na kila siku nilipika chini yake mara mbili, kwa kuni.

Nina utetezi. Mdogo wangu aliyeko Mwanza, ndiye aliyeninunulia kamera hiyo kwa mtu aliyeichoka, alinionya kwa simu: "Dada, Bukoba kuna unyevu. Ukiiacha hovyo lenzi itaota fangasi." Sasa mimi ni mtu wa hapa. Hapa mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha ikijisikia, na shuka ulilolianua jana leo linanuka. Kitu usichotaka kiote ukungu unakipandisha juu ya moto. Bibi yangu alifanya hivyo, mama anafanya hivyo, na mbegu zetu hazijawahi kulalamika. Mdogo wangu hakusema nisiiweke juu ya moto. Angesema, ningesikia.

Fundi mmoja mjini aliifungua, akatazama lenzi iliyokuwa imegeuka rangi ya chai, akainusa. Akainusa tena. Akamwita mwenzake aje naye anuse.

"Mama," akaniuliza, "hii ulitaka kupigia picha au ulitaka kuila?"

Aliisafisha, Mungu ambariki, ingawa mpaka leo ukiisogeza karibu na pua unapata harufu ya samaki mkavu. Kabla sijafika nyumbani mtaa wetu wa Kitendaguro ulikuwa umeshajua, kwa sababu nilikwenda kwa fundi na jirani yangu, mwanamke tunayetenganishwa naye na ua wa michongoma tu. Jirani huyu ana moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Wiki nzima alikuwa akichungulia jikoni kwangu na kuuliza kama redio nayo imeshaiva.

Sasa niseme kwa nini mtu kama mimi alihitaji kamera. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikakaa. Safari yangu ndefu ya kawaida ni sokoni na kurudi, na watu wakinikuta stendi na begi wananipa pole kwanza halafu ndiyo wanauliza nani kafa. Kamera ni kitu cha watu wanaotembea. Mimi niliitaka kwa hasira.

Hasira ilianzia kwenye msiba wa mama mkubwa, dada yake mama. Alipofariki tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mwanamke huyu alilea watoto wake na wa wenzake, hakukosa harusi hata moja ya ukoo, na katika nyumba nne tulizopekua hakuna aliyekuwa na picha yake. Ikabidi wakuze ile ya kitambulisho. Uso umebanwa, jicho moja limefumba nusu, anaonekana kama mtu anayesubiri kusomewa shtaka. Watu wakapita mbele ya uso ule wakilia, na mimi nililia kama wao, lakini nilikuwa nalia kwa ghadhabu.

Baada ya msiba nikaenda kwa mama, Kamachumu, nikateremsha albamu zote kutoka juu ya kabati. Nikakaa nazo sakafuni tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Baba, Mungu amrehemu, yumo tele: baba na kofia, baba na baiskeli, baba na ng'ombe. Ng'ombe yule hakuwa hata wetu, na ana picha mbili. Kaka zangu wamo tangu wakiwa hawana meno. Mimi nimo, nimenuna. Wageni ambao hakuna anayewakumbuka majina wamekaa mstari wa mbele wakiwa na chupa za soda magotini. Mama hayumo.

Nilimpata mara moja. Kwenye harusi ya kaka mkubwa, pembeni kabisa mwa picha, kuna mkono umeshika sinia la ndizi. Mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Niliutambua kwa kovu la moto lililo karibu na kifundo.

Mama alikuwa amekaa kizingitini akipepeta maharage. Nikamwonyesha. Akautazama mkono wake, akacheka.

"Sasa mwanangu, ningekaa kwenye picha, ndizi zingemenywa na nani?"

Mama anakaribia miaka themanini na mwaka ule alikuwa amelazwa mara mbili. Niliondoka pale nikiwa na jambo moja kichwani: mama yangu hatapelekwa kaburini na picha ya kitambulisho.

Nikaandika kwenye kundi letu la familia kwenye simu. Niliandika kirefu, bila kupumua. Kaka wa pili akajibu: "Dada, mama alikuwepo. Kila mtu anajua alikuwepo." Alikuwepo! Hata mafiga yalikuwepo. Mdogo wangu wa Mwanza akaandika kwamba wapiga picha ndio hawakumwita. Ndipo kaka mkubwa, mwenye nyumba ya vigae na sauti ya mwenyekiti, akafunga kikao: "Kama inakuuma sana, shika kamera upige mwenyewe." Akamalizia na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi, vitatu.

Vile vikatuni vitatu ndivyo vilivyonipeleka shule.

Mdogo wangu, nadhani kwa aibu, akanitumia kamera. Ilibaki miezi miwili kabla ya Komunyo ya Kwanza ya binti wa kaka mkubwa, na sherehe ingefanyika nyumbani kwa mama. Hapo ndipo nilipoapa nitampiga mama picha ya maana. Siku tisa za kwanza, kama nilivyokiri, nilizitumia kuibanika kamera.

Mjini kulikuwa na bwana mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti aliyefundisha siku za Jumamosi. Tulikuwa wanafunzi watatu, wanaume wawili na mimi. Jumamosi ya kwanza alitusimulia maisha yake. Jumamosi ya pili alitusimulia maisha ya kamera zake. Ya tatu akaturuhusu kushika zetu. Wale wanaume wawili wakaanza kuzungusha kila kinachozunguka. Na mimi nikaweka kidole kwenye kile kitufe cha juu chenye herufi, nikakipeleka kwenye M, nikauliza M ni nini.

"Hapana, mama," akasema, akakirudisha mwenyewe kwa kidole chake. "Wewe kaa hapa kwenye kijani. Ukiwa kwenye kijani, kamera inakufikiria."

Inanifikiria! Nimezaa, nimelea, nimelima kibanja cha migomba na kahawa, nimesimamia mafundi wa choo walioiba saruji nikawashika, halafu leo kitu chenye betri kinifikirie. Nikamuuliza mbona wale wawili hakuwarudisha kwenye kijani. Akasema wale wana mpango wa kuifanya iwe kazi. Nikamwambia na mimi nina mpango. Akatabasamu jinsi watu wanavyomtabasamia mtu anayesema atafunga sukari na hapo ameshika keki.

Nisimnyime haki yake, kuna kitu alinifundisha. Alinikamata viwiko akavibana mbavuni. Akauweka mkono wangu wa kushoto chini ya lenzi, kiganja juu. "Shika kama umebeba kibuyu kilichojaa," akasema. "Toa pumzi nusu, tulia, ndipo ubonyeze. Na usibonyeze kama unaua kiroboto." Hayo tu ndiyo niliyotoka nayo. Jumamosi ya nne sikwenda.

Nikajifundishia kibanjani. Mgomba ni mwalimu mzuri kwa anayeanza, haukimbii na haukuulizi picha itatoka lini. Nikapeleka kitufe kwenye M, mahali unapoamua kila kitu mwenyewe, nikaapa hakitarudi kwenye kijani. Picha za kwanza zilitoka nyeupe tupu, kama nimepiga shuka. Zilizofuata zilitoka nyeusi.

"Hii ulipiga usiku?" jirani akauliza, amening'inia juu ya ua.

"Saa sita mchana."

"Basi hiyo ni sura ya moyo wako."

Nilichelewa kuelewa, na nilipoelewa nilielewa kwa kupitia jikoni kwangu, si kwa vitabu. Jiko langu lina dirisha moja la mbao. Lenzi nayo ina dirisha lake: ukilifungua lote mwanga unaingia mwingi, ukiliacha mwanya unaingia kidogo. Halafu kuna muda wa kuliacha wazi, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini hata huo unaweza kuurefusha. Ukiurefusha unapata mwanga zaidi, ila kila kinachosogea kinajipaka kama masizi yaliyofutwa na kitambaa kibichi. Na kuna ile namba wanayoiita ISO. Hiyo ni kama kuongea na mzee asiyesikia. Ukipaza sauti atakusikia, lakini sauti yenyewe itakuwa imekwaruza, na picha nayo inakwaruza, inajaa chenga. Ndiyo mambo yote yenyewe, matatu. Wiki tatu yule bwana alikuwa ameyaficha nyuma ya maisha yake.

Kubonyeza nako kuna ngazi mbili. Kwanza unabonyeza nusu, taratibu, kama unavyojaribu parachichi sokoni bila mwenye nalo kukuona. Kamera inatafuta, inalia kidogo, inakupata. Ndipo unamalizia. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni, viwiko mbavuni, nikipumua mbele ya mgomba mmoja.

"Mwenzangu," jirani akasema, "huo mgomba unaupiga picha au unauchumbia?"

"Njoo basi wewe nikupige."

"Nivae?"

"Usivae. Njoo na kisu."

Nilimkalisha jikoni kwangu amenye ndizi, kwa sababu nilijua huko ndiko nitakakomkuta mama siku ile: kwenye kiza, na moshi, na mikono isiyotulia. Jirani alinivumilia jioni tatu. Ya kwanza nilimpiga kwa flashi. Moshi wote uligeuka ukuta mweupe na yeye akawa nyuma yake kama mzimu unaotokea. Ya pili nikazima flashi, nikarefusha muda, na aliponyang'anya kamera kujitazama alihesabu vidole.

"Nina kumi na vinne. Hongera, umeniongezea."

Ya tatu nikafungua dirisha la lenzi lote, nikapandisha ISO mpaka ilipokaribia kupiga kelele, nikamwambia ageukie mlangoni mwanga unakoingilia. Nikabana viwiko, nikatoa pumzi. Safari hii picha ikatoka. Alikuwa yeye kabisa, na utomvu mweusi wa ndizi mikononi, na ule mdomo ukiwa umefunguka nusu kwa maneno aliyokuwa bado hajayasema. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba angejua angechana nywele.

Siku ya Komunyo tulifika Kamachumu asubuhi, mimi na jirani. Yeye alikuja kusaidia kumenya, kama jirani mwema anavyofanya, nami nilikuja na kamera shingoni. Kaka mkubwa akanipokea kwa kicheko.

"Mpiga picha wetu kafika! Umeikausha vizuri safari hii?"

Alikuwa ameshaleta mpiga picha wake, kijana mwenye vesti yenye mifuko kumi na miwili na kamera mbili, moja kila upande kama askari. Sikujali. Nilisalimia wageni, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Wanawake kama kumi walikuwa wamekaa chini juu ya majani ya migomba, ndizi zimerundikwa katikati yao, na jirani akachukua kisu akakaa karibu na mlango wa jiko. Mama alikuwa ndani ya jiko, pale mlango unapomwaga mwanga sakafuni, kitambaa cha kazini kichwani, kanga imefungwa juu ya gauni la kila siku, magoti yamezungukwa na maganda. Kutoka kanisani alikuwa amesharudi na kuvua nguo zake za misa, maana kazi ilikuwa inamsubiri. Aliponiona nachuchumaa na kamera akafuta mikono haraka.

"Ngoja, mwanangu. Ngoja nikavae gomesi yangu ya sherehe. Ile ya njano. Dakika tu."

Akaanza kuinuka, mkono mmoja kwenye ukuta.

"Hapana mama, kaa. Hivyo hivyo."

"Na kitambaa hiki?"

"Hicho hicho. Mama, mwanga huu ukiondoka haurudi. Wewe menya, jifanye sipo."

Akanitazama. Kisha akakaa tena, akachukua kisu. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Na kweli nilikuwa najua! Nilikuwa na dirisha la lenzi limefunguka lote, muda umepimwa, viwiko mbavuni. Nilipiga kadhaa, zote safi. Ndipo nje, mbele ya nyumba, nikasikia sauti ya kaka: "Waitu, ndugu zangu, sogeeni, sogeeni! Picha ya familia! Wote! Familia yote!" Viti vikakokotwa. Watu wakacheka, mtu akaitwa asogee kushoto, mtoto akaambiwa anyooshe shela. Kijana wa mifuko kumi na miwili akahesabu kwa sauti: "Moja... mbili..."

Mama akageuza uso kuelekea mlangoni.

Hakuinuka. Kisu kikasimama katikati ya ndizi, na mwanga wote wa mlango ukamwangukia usoni. Nikabonyeza. Nje wakamalizia "tatu" na watu wakapiga makofi.

Nilijaa furaha na hasira kwa pamoja. Familia yote, wanasema! Aliyeizaa familia yuko hatua ishirini nyuma ya ukuta na hakuna aliyeuliza. Nilitoka nje nikamwambia kaka mbele ya wageni, na pombe yao ya ndizi, lubisi, mikononi, kwamba familia yake ina mlango wa nyuma. Alisema nisimharibie siku ya mtoto. Nikamwambia siku ya mtoto imeharibiwa na asiyejua kuhesabu mpaka mama. Jirani alinivuta mkono nikarudi kwenye ndizi.

Picha ile niliichapisha mjini, kubwa, nikaitia fremu. Ilipofika kwenye kundi la familia kaka mkubwa akaandika, "Dada, hii ni kali." Bila vikatuni. Mdogo wa Mwanza akasema ameshindwa kuitazama mara mbili. Nikawajibu wote kwa aya tatu, na kila aya nilianza na neno "aibu".

Nikaipeleka kwa mama mwenyewe. Akaipokea kwa mikono miwili. Akapangusa kioo kwa ncha ya kanga, akaiangalia.

"Ni mimi," akasema.

Nikasubiri. Akauliza kama nimekula. Nilipokwenda tena baada ya wiki mbili, sebuleni hakukuwa na picha. Palikuwa na baba na kofia yake, palikuwa na Moyo Mtakatifu, palikuwa na kalenda. Ile yangu ilikuwa chumbani, imeegemezwa ukutani nyuma ya sanduku, uso umeelekea sandukuni.

Nilirudi Kitendaguro nikiwaka. Sikungoja hata kuvua viatu, nikaenda kwenye ua nikamwita jirani, nikamweleza yote. Nikamwambia ona walivyomfanya mama yangu. Miaka yote wamemficha mpaka sasa anajificha mwenyewe. Amekaa jikoni hadi anaona uso wake haustahili sebule. Nikawataja kaka zangu mmoja mmoja, nikamtaja yule wa mifuko, nikamtaja mpaka yule bwana wa kijani, nikarudi kwa kaka mkubwa nikaanza upya. Jirani alikuwa anaanika nguo. Aliniacha nimalize, akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akageuka.

"Kaka zako hawakumwona," akasema. "Wewe ulimwona, akakuomba dakika moja avae gomesi yake, ukamkatalia."